"Kwa" Moja, Mizigo Mingi

Huko Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, nilimsikia mwalimu kijana akilalamika kwamba wanafunzi wake hawajui kupambanua "in", "on" na "at". Hapana shaka ana haki. Lakini alipowafafanulia kwa Kiswahili, kitabu kilikuwa "kwa meza", mtoto "kwa nyumba", dereva "kwa gari". Maneno matatu ya Kiingereza yote ameyatwika "kwa" moja. Mwanafunzi achague nini?

"Kwa" ina kazi zake: kwa mjomba, kwa miguu, kwa kisu. Mahali pana vyombo vingine. Kikombe kimo kabatini: kimefichika ndani. Kipo mezani: pale panapojulikana. Kiko jikoni: huko huko, pembe gani sijui. Anayepambanua mo, po na ko amekwisha kufika nusu ya njia ya Kiingereza. Hata chuoni, tuliposomeshwa nahau ya Kiarabu, "fi" na "ala" hazikututaabisha. "Ndani" na "juu" tulikwenda nazo kutoka nyumbani.

Nusu iliyobaki ni ngumu, wala kanuni hazitoshi. Mwingereza akiwa ndani ya gari dogo husema "in", akiwa ndani ya basi husema "on", na wala hakupanda paani! Saa nne ni "at", Jumatatu ni "on", Ramadhani ni "in". Sisi husema saa nne, Jumatatu, Ramadhani, basi. Hayo hukaririwa tu, kama tulivyokariri juzuu ya Amma. Na penginepo mzigo wote hubebwa na kitenzi chetu: amenikimbia, amenikimbilia. Mwingereza hapo sharti achague "from" au "to", na akikosea, adui huwa rafiki.

Simlaumu mtu wa Eldoret. Kikalenjin kina neno moja, "eng", libebalo maana nyingi za mahali, na lugha yake ina desturi zake. Ninaowashangaa ni vijana wetu wa Mombasa, ambao nyanya zao husema "nipo nyumbani", nao hujibu simu "niko kwa nyumba", wakidhani ndio ujana. Nilimuuliza mmoja, Mji wa Kale, vitabu vyake vi wapi.

"Kwa mkoba, mzee."

"Vimo ndani, au vipo kando yake?"

Akaufungua mkoba kutazama.