Hesabu Nyumbani: Jaribio la Tisa na Ndugu Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Nasi twaongeza: hata daftari lenyewe lataka kujaribiwa, hasa namba zinapokuwa kubwa.

Tuseme jamaa moja ya Bihambwe, katika Masisi, imeuza kilo 347 za maharagwe, kila kilo kwa faranga 2,850. Mnunuzi ameandika jumla: faranga 988,950. Baba atajuaje kama ni kweli? Mtoto wake amsaidie kwa jaribio la tisa, lile ambalo walimu huliita kwa Kifaransa preuve par neuf.

Ajumlishe tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja tu. Katika 347, 3 na 4 na 7 ni 14. 1 na 4 ni 5. Katika 2,850 apata 15, yaani 6. Sasa 5 mara 6 ni 30, yaani 3. Tarakimu za 988,950 zafanya 39, kisha 12, kisha 3. Zimelingana. Kama ingaliandikwa 978,950, ingalitoka 2, na kosa lingalijulikana papo hapo.

Huu si uganga. Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu ni 999 na 1. Kwa hiyo namba yo yote, hata kubwa namna gani, ikigawanywa kwa 9 hubakiza kile kile kinachobakizwa na jumla ya tarakimu zake.

Lakini tuangalie sana. Mtu akiandika 898,950, yaani akigeuza 9 na 8 za mwanzo, jumla ni ile ile 39. Jaribio la tisa litanyamaza, na jamaa itapoteza faranga 90,000!

Hapo twaita ndugu yake, jaribio la 11. Tukianzia kulia, twajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano, kisha twatoa ya pili, ya nne na ya sita. Za kutoa zikizidi, twaongeza 11. Namba 347 yatoa 6, na 2,850 yatoa 1. Basi jumla ya kweli sharti itoe 6. Ndivyo itoavyo 988,950. Lakini 898,950 yatoa 8: kosa limefichuka.

Elimu hii ni ya kale. Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu hizi ujanani huko Bugia, katika Algeria ya leo, alilieleza jaribio la tisa katika kitabu chake cha mwaka 1202.

Amri ya saba yakataza mizani ya hila, na kalamu ya hila vilevile. Lakini amri ya nane yakataza kumsingizia jirani, na mara nyingi aliyekosea ni mtu aliyechoka tu. Ajaribuye hesabu kwanza hulinda chakula cha watoto wake na jina la mwenzake pia. Wazazi wapenzi, jioni ya leo mpeni mtoto namba moja ndefu, naye awafundishe.