Kifua si Jina la Ugonjwa

Wako wasomi wasemao, tena bila haya, kwamba Kiswahili hakiwezi kuutaja mwili wa binadamu kwa namna impasayo tabibu. Ni lugha ya soko na siasa, husema, lugha ya mashairi na hotuba. Lakini ikifika mlangoni pa hospitali yapaswa kuvua viatu na kungoja nje. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata limepata heshima ya ukweli. Halistahili heshima hiyo, na mahali pa kulipima ni Shinyanga na Geita, ambako gharama yake hulipwa kwa pumzi za watu.

Shinyanga ni nchi ya ng'ombe. Mtoto aliyekulia karibu na zizi amemwona dume akichinjwa na kupasuliwa kabla hajajua kusoma. Ayajua mapafu kwa wepesi wake, ini kwa uzito wake, na nyongo kwa hadhari ya mchinjaji asije akaipasua. Akiulizwa figo ziko wapi, huzionyesha kwa kidole. Bandama haimpotei, wala hachanganyi utumbo mwembamba na utumbo mpana. Huyajua hayo kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili. Akienda shule ya msingi ya serikali, hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa miaka ya 1960, naye huongezewa ateri na vena, kibofu na kongosho, ubongo na uti wa mgongo. Kisha huingia sekondari, na elimu yote hiyo huamriwa ilale. Yule atakayekuwa daktari husoma mwili kwa Kiingereza tangu hapo mpaka mwisho wa chuo kikuu. Kiswahili chake cha tiba kimekoma darasa la saba. Na asubuhi moja hukutana na mgonjwa aliyekomea darasa lilo hilo. Wote wawili walikuwa na maneno. Mmoja ameyasahau, na wa pili hakuulizwa.

Na tuyatazame yatokeayo machimboni. Huko Rwamagasa na Nyarugusu, na katika machimbo madogo ya Kahama, mwamba hutolewa katika duara, hupondwa, kisha husagwa katika karasha. Mwamba wa dhahabu mara nyingi huwa na silika nyingi. Vumbi lake, lile lililo laini hata jicho haliwezi kuliona, hupenya mpaka vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwishoni mwa njia za pumzi, na mapafu hufanya makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hapana dawa ya kuyafuta makovu hayo. Lililopo ni kulikimbia vumbi mapema, au kulilaza kwa maji kabla halijaruka. Kifua kikuu ni jambo jingine: chaletwa na bakteria, na kwa kawaida huponywa kwa dawa za miezi 6. Tena aliye na silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko mwingine, hata magonjwa haya mawili yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, moja limetoka katika jiwe na la pili katika kijidudu.

Lakini machimboni yote mawili huitwa kifua. Mzee wa karasha huingia chumbani akasema, "Dokta, nina kifua." Kijana mwenye koti jeupe, ambaye angeweza kuwa mwanawe, humjibu kwa adabu, "Pole, baba. Unakohoa tangu lini?" Makohozi hupimwa, dawa huandikwa, na katika kadi hutiwa neno la Kiingereza ambalo mwenye kadi hawezi kulisoma. Akipata nafuu hurudi karashani. Nani amlaumu? Neno alilokuja nalo ndilo alilorudi nalo.

Watetezi wa Kiingereza watadakia hapo hapo: ndiyo hayo tusemayo! Kifua ni neno lisilo na mipaka, na mshipa ni baya zaidi, maana hutumika kwa njia ya damu itokayo moyoni na ile irudiyo, kwa neva, kwa kano, hata kwa uvimbe wa korodani. Ni kweli. Lakini hoja hiyo huwarudia wenyewe. Wagiriki wa kale, ambao maneno yao wasomi hawa huyapokea kana kwamba yameshushwa kutoka mbinguni, walitumia neno neuron kwa kano na kwa uzi wa upinde kabla halijawa la neva. Arteria lilikuwa jina la njia ya pumzi, na walikuwapo matabibu walioamini kwamba ateri hupitisha hewa. Warumi nao waliuita msuli kipanya, na hapana aliyewacheka. Lugha hizo hazikuzaliwa na usahihi. Zilitiwa usahihi na watu waliozitumia kazini kila siku, wakipunguza hapa na kuongeza pale. Kiswahili kina ateri na vena, neva, kano na msuli. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Na hapa lawama iwageukie watu wa Kiswahili pia, wale watungao istilahi Dar es Salaam na kuzipigia makofi katika semina, ambao hawajapanda basi kwenda Katoro kusikia kama muuguzi wa huko aweza kuzitamka mbele ya mgonjwa.

Zebaki ni neno la zamani katika Kiswahili, tena limetoka katika Kiarabu. Mchimbaji huichanganya na mchanga wa dhahabu, huikamua kwa kitambaa, kisha huichoma, pengine uani kwake, watoto wakicheza kando. Mvuke wake huingia mapafuni, hufika ubongoni, huumiza figo. Mikono hutetemeka, usingizi hutoroka, mate hujaa kinywani pamoja na ladha ya chuma. Na kwa mwenye mimba sumu huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda ulichunguza afya za watu wa Rwamagasa ukaona dalili za sumu hiyo. Uchunguzi wa namna hii hautegemei mkojo na damu peke yake. Mtu huulizwa anasikia nini mwilini mwake. Huko Rwamagasa swali hilo halina maana likiulizwa kwa Kiingereza! Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao wataka wachimbaji wadogo wapashwe habari za zebaki. Wapashwe kwa maneno gani?

Pale ambapo ugonjwa hauna jina, jina jingine hukikalia kiti chake. Wazee wanawake wa Usukuma wamepika miaka mingi kwa samadi kavu, kwa kuwa kuni zimekwisha, na moshi umewafanya macho mekundu. Kiswahili kinalo neno moshi, kinalo neno vikope kwa ugonjwa wa trakoma. Lakini waliokuja usiku na mapanga walikuwa na neno lao: mchawi.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwizi wa kuku aweza kusomewa hukumu yake kwa lugha aijuayo. Mwenye makovu mapafuni angali akibeba hukumu yake mfukoni bila kuielewa. Na kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliiweka kwa ajili ya Kiswahili, hotuba husomwa.

Daktari aweza kusema hivi: "Baba, vumbi la jiwe limeingia mapafuni mwako, limeacha makovu yasiyofutika. Makohozi yako hayakuonyesha kifua kikuu, lakini waweza kukipata upesi kuliko wenzako, kwa hiyo urudi tukupime tena. Ukiendelea kusaga mawe makavu, makovu yatazidi." Kusema hayo huchukua muda mfupi kuliko kuijaza kadi, na hapana neno ndani yake asilolijua mchinja ng'ombe wa Kahama.