Piano ya Kisasa Haimfichi Asiyejua

Miongoni mwa mambo yanayosifiwa sana na wauzaji wa piano za kidijitali zinazoweza kujipiga zenyewe, kama zile Clavinova za jamii ya CVP zitengenezwazo na Yamaha, ni nyenzo mbili: ya kwanza huongeza sauti ya pili na ya tatu juu ya wimbo upigwao kwa mkono wa kulia, na ya pili huitia sauti ya gitaa au saksafoni ule mtelezo wa kidole na ile pumzi ambavyo aghalabu hukosekana katika vinanda. Husemwa kwamba kwa nyenzo hizi hata mwanagenzi atapiga kama fundi, na kauli hiyo, kwa maoni yangu, ni ghururi.

Sauti zinazoongezwa hazitoki hewani. Chombo huzichagua kwa kufuata kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, iliyoshikwa na mkono wa kushoto, hata mpigaji akikosea kodi, au akichelewa kuibadili, lile kosa lililokuwa moja huwa matatu, na huwa limesikika mara tatu pia. Mwimbaji wa kwaya aliyezoea kusoma sauti ya kwanza hadi ya nne atalitambua papo hapo. Asiyezoea atadhani chombo kimeharibika.

Tena si kila muziki unaotaka msaada huo. Taarabu ya Unguja, ambayo chama chake kikongwe, Akhwani Safaa, kiliasisiwa mwaka 1905, asili yake ni lahani moja inayofuatwa na fidla, kanuni, udi na nai kwa pamoja, kila ala ikiipamba kwa namna yake. Katika maqamu ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti zitumiwazo katika taarabu, noti ya tatu husimama baina ya tatu kubwa na tatu ndogo, ilhali kodi za kinanda ama ni kubwa ama ni ndogo. Basi anayewasha nyenzo ya kuongeza sauti juu ya lahani hiyo huwa ameufuta ule utamu wenyewe aliokusudia kuukuza. Wapiga vinanda wa vikundi vyetu na waizime, wala wasione haya.

Amma nyenzo ya pili, hiyo naitetea. Haifanyi kazi ila kwa amri: mtu akiunganisha noti bila kuinua kidole, sauti huteleza, na akikanyaga kanyagio kwa wakati wake, pumzi ya mpuliza saksafoni husikika. Lakini ni lazima kwanza ajue mpulizaji huvuta pumzi wapi, na ilimu hiyo haipatikani ila kwa kusikiliza wapigaji hai. Hata pianola za zamani, zilizopigwa kwa karatasi yenye matundu na hewa iliyovutwa kwa nguvu za miguu, ziliachiwa vishikio vya kuharakisha na kupunguza mwendo, kwani mafundi wake walitambua kuwa karatasi haina hisia.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa muziki, na wazee wa makanisa wanaochangisha fedha za kununulia ala, wawaamuru wanafunzi wapige kwanza nyenzo zote zikiwa zimezimwa, mpaka mkono wa kushoto ubadili kodi bila kusitasita. Ndipo wafunguliwe hiyo ya mtelezo na pumzi, na ya kuongeza sauti iwe ya mwisho.