Maswali ya Jana Yasitupwe

Walimu wengi huifunga mada mara zoezi lake la mwisho linapokwisha kusahihishwa, na maswali yake hayaulizwi tena mpaka mtihani. Kwa maoni yangu desturi hii ina hasara, na mafundi wa programu za kompyuta wanaweza kutufundisha njia iliyo bora.

Katika kompyuta za mfumo wa Unix imo programu iitwayo sheli, ambayo husoma amri za mtumiaji na kuzitekeleza. Mojawapo ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Pamoja nayo huhifadhiwa majaribio katika mafaili yaendayo mawili mawili: moja lina amri, la pili lina majibu yatakiwayo. Fundi anapobadili jambo, hata dogo, majaribio ya zamani hurudiwa yote, na majibu hulinganishwa mstari kwa mstari. Sababu ni kwamba rekebisho jipya laweza kuharibu lililokuwa sahihi.

Je, darasani sivyo? Mwanafunzi aliyejua kujumlisha sehemu hufundishwa kuzizidisha, kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wiki ifuatayo huandika kwamba 1/2 + 1/3 ni 2/5. Somo jipya limevuruga la zamani, na mwalimu asiyeuliza tena hatajua.

Lakini majaribio yahitaji kutunzwa. Jaribio likishindwa, njia nyepesi ni kulifuta jibu la zamani na kuandika lililotoka leo. Hilo ni halali pale tu ambapo kanuni yenyewe imebadilishwa kwa makusudi; vinginevyo ni sawa na kugeuza mwongozo wa usahihishaji ili kosa la mwanafunzi lipate alama. Tena, jaribio ambalo jibu lake hutegemea tarehe au kompyuta linamofanyiwa, hushindwa leo na kufaulu kesho bila sababu ya maana. Watu hulizoea, na siku likionya kweli hawalisikilizi.

Wala wingi wa majaribio si kinga kamili. Mwezi Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash, ikipokea maelezo ya kazi kutoka nje, iliweza kutekeleza pia amri zilizofichwa baada yake. Kosa hilo, lililoitwa Shellshock, lilikuwamo tangu 1989, na kompyuta nyingi duniani zilikuwa hatarini. Majaribio hayakulifichua kwa kuwa swali hilo halikuwamo. Hata rekebisho la kwanza halikutosha. Katika siku chache mianya mingine ilionekana. Ndiyo maana kila kosa linalogunduliwa lapasa kugeuzwa swali la kudumu.

Huenda mtasema kwamba vipindi ni vifupi na madarasa yamejaa. Ni kweli, nasi hatuna mashine ya kuuliza maswali mia kwa dakika moja. Basi tuchague. Kila mwalimu awe na daftari moja: upande huu swali, upande wa pili jibu na kosa lililozaa swali hilo. Maswali matatu mwanzoni mwa kipindi, yakichaguliwa kwa zamu, yatatosha kutuonyesha kama tulichokijenga jana kingali kimesimama.