UTAMU WA EMBE, NIKOTINI ILE ILE



Kila aliyepata kuvuna tumbaku hapa West Nile anajua jambo moja ambalo halijaandikwa kwenye pakiti yoyote ya sigara. Ukiingia shambani alfajiri, majani yangali na umande, ukayakumbatia kifuani, saa chache baadaye kichwa huzunguka, tumbo huchafuka na mtu hutapika. Huo si uchawi wala si malaria. Ni nikotini ya jani iliyopenya kwenye ngozi.

Leo nikotini hiyo hiyo inaletwa kwa vijana wetu kwa sura nyingine. Ni kifaa kidogo cha betri, chenye rangi kama za peremende. Ndani yake mna maji yenye nikotini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye jani la tumbaku. Betri huyapasha moto yakawa mvuke, na kijana huuvuta. Hizo ndizo sigara za umeme. Zina ladha ya embe, ya nanasi, ya minti. Kijana aliyekwisha anza kuvuta sigara za kawaida huambiwa: hii haina moshi, nyapara hatasikia harufu, tena ni tamu.

Tuulize: utamu huo ni wa kazi gani? Sigara ya kwanza ni chungu. Hukwaruza koo na kumkohoza mtu. Uchungu huo ni mlinzi wa mwili, na ladha huwekwa ili kumwondoa mlinzi mlangoni. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha mwaka 2009, isipokuwa za mentholi. Sigara za umeme ziliachwa nje ya marufuku hiyo, na kufikia mwaka 2019 zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu nchini humo walikuwa wakizitumia.

Wapo wanaosema vifaa hivi humsaidia mvutaji kuacha sigara. Hoja hii tuipe haki yake. Ni kweli kwamba mvuke hauna lami ya jani linaloungua, na Uingereza wataalamu wa afya huwashauri wavutaji wazima kuhamia huko kabisa ili waache sigara. Lakini kijana anayevuta mvuke kazini mchana na sigara jioni hajaacha kitu. Ameongeza saa za kuvuta.

Kwa mfanyakazi, uraibu ni makato yasiyoonekana kwenye karatasi ya mshahara. Tunapigania nyongeza mwaka mzima mbele ya mwajiri, kisha tunaitoa kidogo kidogo dirishani pa duka.

Uganda ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Inakataza kuingiza na kuuza sigara za umeme, shisha na tumbaku yenye ladha. Inakataza pia kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21. Sheria hiyo tunaiunga mkono. Lakini Kuluba iko mpakani. Oraba ni mlango wa Sudan Kusini, na Kongo haiko mbali. Kitu kinachotosha mfukoni hakihitaji lori.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kwanza, msako uwaandame wanaoingiza na kuuza bidhaa hizi kwa jumla, usiishie kwa kijana aliyekutwa na kimoja mfukoni. Pili, kila tawi limtake mwajiri asimfukuze kijana kazi kwa sababu ya uraibu, bali ampe ruhusa ya kwenda kituo cha afya kutafuta msaada wa kuacha, bila kumkata siku. Tatu, wazee waliovuna tumbaku wasikae kimya. Wawaeleze vijana habari za umande ule na kutapika kule, maana wao waliionja nikotini kabla haijapakwa sukari.

Jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kila tawi, na vijana wenyewe waalikwe waseme kinachowavuta. Tusiwahukumu kabla ya kuwasikia.

Umoja ni nguvu.