Fedha za mji wa kale ziende kwenye madirisha ya wakazi

Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza Kuldīga, mji mdogo wa magharibi mwa Latvia, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni mji wa watu elfu kumi hivi, kando ya mto Venta, na ngome yake ya kale imebomoka zamani. Kilichoupa heshima hiyo ni nyumba za kawaida: kuta za magogo, mapaa ya vigae, milango na madirisha yaliyochongwa na maseremala wa hapohapo kuanzia enzi za Utawala wa Kurland, dola ya zamani ya eneo hilo. Halmashauri yake iliweka karakana ya ukarabati na kuwachangia wenye nyumba gharama za kutengeneza madirisha na milango ya mbao badala ya kuyang'oa. Naona huo ndio uamuzi ambao miji mingi midogo ya Urusi na Baltiki imeuchelewesha, kwa sababu fedha za umma zimezoea kuanzia kwenye monasteri na makanisa, na nyumba za wakazi hufikiwa mwisho, zikifikiwa.

Wapo wanaosema miji ya namna hii hujihifadhi yenyewe ikiachwa bila kuguswa, na mfano wao ni Suzdal. Mji huo, unaotajwa katika maandishi tangu 1024, ulipitwa na reli ya kutoka Moscow kwenda Nizhny Novgorod, iliyokamilika mwaka 1862 ikipitia Vladimir. Viwanda havikuja, na sura yake ikabaki ileile. Ni kweli, lakini kusahauliwa huzuia tingatinga tu; hakuzibi paa linalovuja. Ilibidi serikali ya Kisovieti, kuanzia 1967, itumie fedha nyingi kuugeuza mji huo kuwa kituo cha utalii. Katika miji mingine ya Urusi isiyopata bahati hiyo, nyumba za mbao zenye nakshi nzuri kuzunguka madirisha zinaoza zikiwa zimesimama. Mwaka 2015 wakazi wa Samara walianza kuzikarabati kwa kujitolea, na miji mingine ikafuata. Moyo huo nauheshimu sana, ila wanaojitolea wakati wa kiangazi hawawezi kubeba mzigo wa halmashauri mwaka mzima.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wenyewe. Latvia ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.6 mwaka 1990. Leo hawafiki milioni 1.9, na vijana wa miji midogo ndio wanaohama. Kwa nini kutengeneza dirisha la nyumba ambayo kesho haitakuwa na mtu? Swali ni la haki. Lakini nyumba isiyokaliwa hupata unyevu na kuvu, na mji wenye nyumba mbovu haumrudishi yeyote. Fremu iliyokarabatiwa humpa fundi wa mtaani kazi, humwezesha mwanafunzi wake kupata ujuzi, na humpunguzia mzee baridi ya Januari. Mwenye nyumba akiona dirisha la plastiki ni rahisi, asilaumiwe; achangiwe tofauti ya bei, kwa kuwa sura ya mtaa anayoilinda ni mali ya wote.

Msomaji wa Afrika naye ana sababu ya kutaka nyumba za Kuldīga zidumu, kwa kuwa historia ya mji huo inaligusa bara lake. Jacob Kettler, mtawala wa Kurland, alizaliwa Kuldīga mwaka 1610, na mwaka 1651 watu wake walijenga ngome kwenye kisiwa kidogo katika mto Gambia. Kisiwa hicho baadaye, mikononi mwa Waingereza, kilikuwa kituo cha biashara ya watumwa. Leo kinaitwa Kunta Kinteh na kimo katika orodha ileile ya UNESCO tangu 2003. Wanaoitunza Kuldīga wanapaswa kuieleza habari hiyo mitaani kwao, kwa maandishi ambayo mgeni hawezi kuyapita bila kuyaona.