Ua Linalonuka Mzoga Nalo Lina Haki

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ile video ya ua kubwa jekundu lenye madoa meupe imezunguka sana kwenye magrupu, na wengi mmeniletea mkiwa na maswali mawili. La kwanza: je, ni kweli? La pili ndilo lililonifanya niandike: "Sheikh, kitu kinachonuka mzoga na kinachoishi kwa kumnyonya mwenzake kina faida gani mpaka watu wakilinde?"

La kwanza ni jepesi. Ua ni la kweli, linaitwa Rafflesia, na linaota kwenye misitu ya Asia ya kusini-mashariki: Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Thailand. Aina kubwa kuliko zote, Rafflesia arnoldii, ipo Sumatra, na ua lake moja hufikia upana wa karibu mita 1 na uzito wa kilo kadhaa. Lakini ile picha ya pili mliyoiunganisha, ya ua refu kupita mtu, ni mmea mwingine kabisa, Amorphophallus titanum. Nao ni wa Sumatra na unanuka vilevile, ila una jani lake na kiazi chake, haumnyonyi yeyote. Na yale maneno kwamba linachanua mara moja kila miaka 100 ni uongo. Msisambaze kitu kwa sababu tu kimeandikwa "Subhanallah" juu yake. Uumbaji wa Allah hauhitaji kutiwa chumvi.

Tazameni jinsi lilivyo. Rafflesia haina jani, haina shina, haina mzizi wa kwake. Maisha yake karibu yote yamo ndani ya mmea mwingine unaotambaa, wa jamii ya mzabibu, kama nyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya mwili wa mwenyeji wake. Huwezi kuiona. Kisha siku moja linatokeza gome, linavimba kama kabichi, linachukua miezi mingi kukua, na likishafunguka linadumu siku 5 hadi 7 tu, halafu linaoza. Siku hizo chache linanuka nyama iliyooza ili nzi wa mizoga waje, wapakwe chavua, wakaipeleke kwenye ua jingine. Nzi hapati chochote. Kijana mmoja kaniuliza, "Sasa Sheikh, si utapeli huo?" Mwanangu, ua halina taklifu. Utapeli ni wako wewe unayepima maharage kwa debe lililobonyezwa.

Na hili litawafurahisha wakulima wa huku Ngara: mwaka 2007 watafiti waliochunguza vinasaba vya Rafflesia walikuta kuwa jamaa zake wa karibu ni ukoo wa muhogo na mbarika. Muhogo huu huu tunaoutwanga. Ua la muhogo ni dogo hata hulitazami, na jamaa yake ndiye mwenye ua kubwa kuliko yote duniani.

Sasa msidhani mambo haya ni ya mbali. Mmea unaonyonya mwenzake tunaujua sana huku Mbuba, maana nani hajapambana na kiduha kwenye mahindi au mtama? Mbegu yake ni kama vumbi, inalala ardhini miaka mingi, inaamka pale inapohisi mzizi wa mahindi uko jirani. Kiduha king'oeni kabla hakijatoa maua, na wala hamna dhambi. Kinakula chakula cha watoto wenu, na madhara huondolewa. Lakini mtu akishazoea kung'oa kiduha huona kila mnyonyaji ni kiduha. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Kwa sababu tunaye mwingine, na huyo hamdhuru mkulima. Kwenye sehemu kavu za Tanzania na Kenya, chini ya migunga, kuna mmea ambao wataalamu wanauita Hydnora abyssinica. Nao hauna jani hata moja. Mwili wake umelala ardhini kama mizizi minene yenye vinundu, umeshikana na mizizi ya mgunga, na unakula kutoka humo. Unaweza kuchunga mbuzi juu yake miaka usijue kama upo. Mvua ikinyesha udongo unapasuka, linachomoza ua nene lenye nyama, kwa nje limefanana na gome la mti, kwa ndani lina rangi kama ya nyama mbichi. Nalo linanuka. Mbawakawa wa mizogani wanaitika harufu, wanaingia. Kwa ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Hydnora africana, watafiti wameona wadudu hao wakinasa ndani ya ua, wanakaa humo mpaka chavua inapokomaa na kuwamwagikia, kisha ua linafunguka zaidi na wanatoka hai kwenda kwingine. Tunda lake hukomaa ndani ya udongo, limejaa mbegu ndogo ndogo zisizohesabika, na nungunungu na bweha hulifukua wakala. Watu pia hulila, na mizizi yake hutumika kama dawa ya tumbo.

Yupo na mwenye jina la Kiswahili. Mwaka 2002 wataalamu wawili, Beentje na Luke, walitangaza aina moja ya Kenya na Tanzania inayoishi kwenye mizizi ya miti ya jamii ya manemane. Wakaiita Hydnora sinandevu. Kiswahili kitupu! Ni kwa sababu kingo za ua lake hazina zile nywele ngumu walizonazo wenzake. (Vijana wa safu ya nyuma, nawaona mnavyotazamana.) Na ndugu zetu mlioko Oman mnaye wa kwenu, Hydnora arabica, aliyetangazwa mwaka 2018 kutoka Oman na Yemen.

Basi tuje kwenye swali la faida.

Wapo wanaosema kinachonuka ni najisi. Hapana. Harufu mbaya ya mmea haiufanyi kuwa najisi. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiusogelee msikiti, ila hakuamuru watu waende wakang'oe vitunguu mashambani.

Na wapo wanaosema kisichotufaa hakina maana. Hao nawakumbusha kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji chote cha wadudu hao kichomwe moto. Allah alimlaumu. Hakuambiwa kwamba wale wadudu walikuwa na faida kwake, wala hakuambiwa kwamba wangemletea watalii. Alilaumiwa kwa sababu aliangamiza umma unaomtukuza Allah. Kisha someni Surat Al-Israa aya ya 44 muone kama tasbihi ni ya wenye kunukia peke yao. Mimi nimesoma madrasa na sekondari, si mtaalamu wa mimea, lakini kwa hili sihitaji shahada. Swali la "kina faida gani kwangu" ni swali la dukani. Hatukupewa ukhalifa wa ardhi ili tuweke bei juu ya kila kilichomo.

Lakini kupenda kwa maneno hakutoshi, kwa sababu viumbe hawa wana shida ya peke yao: huwezi kuwalinda wao wenyewe. Twiga unaweza kumwekea askari. Rafflesia ukiizungushia ukuta halafu ukakata ule mtambaa wake, umeizika. Mbegu yake haikubali kupandwa kama mchicha. Bustani ya mimea ya Bogor, kule Java, walilazimika kuchukua kipande cha mtambaa ambao tayari una Rafflesia ndani yake na kukipandikiza kwenye mtambaa mwingine, wakasubiri miaka, hadi aina moja, Rafflesia patma, ikachanua mwaka 2010. Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Oxford, walizipitia aina 42 zinazojulikana. Zote zimo hatarini, 25 kati yake hatarini kabisa, na theluthi mbili zipo nje ya maeneo yanayolindwa. Sababu kubwa ni misitu kukatwa. Afadhali kidogo ni kwamba wanakijiji wa Sumatra, Waislamu wenzetu, kama wa Batang Palupuh karibu na Bukittinggi, wameanza kuyalinda maua yaliyo kwenye ardhi yao na kuwaonyesha wageni kwa malipo.

Kwetu mwenyeji ni mgunga. Na mgunga sisi tunauonaje? Tunauona gunia la mkaa. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, watu karibu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa takriban saa 24, Benaco ikawa mji wa mahema, na vilima vikabaki uchi kwa ajili ya kuni. Siwalaumu wale wakimbizi hata kidogo. Anayekimbia kifo atapikia nini? Ila leo hatumkimbii mtu, na bado tunakata, tena tunachimba mpaka kisiki. Kwenye kisiki ndiko mnyonyaji asiye na jani anakoishi. Anakufa pamoja na mti, na hakuna wa kumsalia kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa alikuwepo.

Msiseme dini haina mfano wa kulinda. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitenga hima. Na hapa hapa nchini, kisiwa cha Misali kule Pemba ni eneo la hifadhi tangu 1998, na masheikh walishirikishwa kuwafundisha wavuvi kwa hoja za Qur'ani. Walioshindikana kwa boti za doria, wapo waliosikia kwa mafundisho hayo.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba na malisho, kuanzia Mbuba hadi Biharamulo: acheni migunga ya mpakani na ya kwenye makorongo. Ukilazimika kukata, kata juu, kisiki kikiachwa hai kitachipua. Mganga anayechimba mizizi ya dawa asimalize shina lote. Na yeyote atakayeona ua nene lisilo na jani limechomoza chini ya mgunga baada ya mvua, asilifukue. Apige picha, aandike mahali na tarehe, anitumie, nami nitaifikisha kwa ofisi ya misitu ya wilaya.

Maswali ya kiduha nitayajibu baada ya darsa ya Jumamosi, in shaa Allah. Wabillahi tawfiq.